Mbwa wa Msasi Nyumbani

Atakaye kununua ng'ombe huuliza mama yake alitoa maziwa kiasi gani. Atakaye kununua shamba huuliza habari za udongo na maji. Lakini mtu atakaye kununua mbwa aghalabu hutazama rangi ya manyoya, akapendezwa na macho, akatoa fedha yake na kwenda zake. Wahenga walisema kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Maana yake, mbwa hufuata tabia ya bwana wake. Historia yatuongezea jambo la pili: mbwa hufuata pia kazi ya wazee wake. Katika insha hii nataka kuonyesha jambo hilo kwa habari za mbwa wa kuwindia ndege, ambao leo wanafugwa katika nyumba nyingi duniani, hata na watu wasiowinda kamwe.

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Ndege wa jamii ya kwale hawategemei mbawa zao tu. Hatari ikaribiapo hujibana chini ya majani wakanyamaza, na mtu aweza kupita karibu nao sana asiwaone. Jicho la mwanadamu halifai kitu hapo. Pua ya mbwa ndiyo ifaayo. Walakini mbwa akisha kuinusa harufu, afanye nini? Aruke na kuwatimua ndege, asimame kimya, alale chini, au angoje mpaka ndege aanguke kisha amlete? Jibu la swali hili lilibadilika kila silaha ya msasi ilipobadilika, na kila badiliko liliacha alama katika tabia ya mbwa.

Zamani za kabla ya bunduki, makabaila wa Ulaya waliwinda ndege kwa kozi waliofundishwa, na kwa nyavu. Katika mwaka wa 1387 Gaston Phébus, mtawala wa Foix kusini ya Ufaransa, alianza kutunga kitabu kikubwa cha uwindaji. Ndani yake aliwaeleza mbwa waliofuatana na kozi, akasema kwamba asili yao ni Hispania, na ndiyo sababu wakaitwa spanieli. Aliwasifu kwa kuwa wanampenda bwana wao na kumfuata hata kati ya watu wengi. Tena akawalaumu kwa ugomvi na kubweka kupita kiasi. Tazama, basi: zaidi ya miaka 600 iliyopita mtu alikwisha kuona kwamba pua nzuri haitoshi, na kwamba tabia ya mbwa kati ya watu ni jambo la kuandikwa kitabuni.

Katika mwaka wa 1570 mganga wa Kiingereza, John Caius, alichapisha kitabu kidogo cha Kilatini juu ya mbwa wa nchi yake. Alimweleza mbwa mmoja ambaye, akisha kunusa ndege, hakubweka wala hakuruka. Alilaza tumbo lake ardhini akatambaa polepole, na mwenye wavu akaja nyuma yake akautandaza juu ya ndege. Mbwa wa kazi hiyo ndio asili ya seta wa leo. Yule asiyeweza kujizuia aliharibu kazi ya siku nzima. Kwa hiyo aliyeachwa azae alikuwa yule aliyetulia.

Kisha ikaja bunduki. Bunduki za kwanza zilikuwa nzito na zenye kukawia, hata msasi alilazimika kumpiga ndege aliyetua. Gumegume jepesi lilipopatikana, watu walijifunza kumpiga ndege akiruka, na desturi hiyo ilienea Uingereza baada ya mwaka 1660. Sasa wavu haukuhitajiwa sana, na mbwa wa kusimama wima akielekeza pua yake kwa ndege, yaani pointa, akapata thamani kubwa katika karne ya 18. Mwaka 1807 Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Uskoti, alipata hati ya serikali kwa uvumbuzi wa kuwasha baruti kwa kuigonga. Alikuwa ameona kwamba ndege waliona mmweko wa gumegume wakakimbia kabla ya marisau kuwafikia. Uvumbuzi wake ndio uliozaa bunduki ya fataki.

Pointa na seta walichaguliwa kwa mbio na pumzi. Walitakiwa kuzunguka mbuga pana tangu asubuhi hadi jioni, na makabaila wengi waliwafuga kwa makundi katika vibanda, chini ya watumishi maalum. Si kwamba walikuwa wakali. Wengi wao ni wapole sana. Lakini mnyama aliyezaliwa kwa ajili ya mbio, akifungiwa katika ua mdogo, hutafuta kazi yake mwenyewe: huchimba, hulia, huruka ukuta. Watu husema ana wazimu, kumbe hana kazi.

Katikati ya karne ya 19 silaha zilibadilika tena. Katika maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 ilionekana bunduki ya Mfaransa Lefaucheux, iliyofunguliwa nyuma na kutiwa risasi upesi. Mafundi wa Kiingereza waliiga na kuitengeneza zaidi. Baadaye wasasi walisimama mahali pamoja, na watu wengine wakawafukuza ndege kuwaelekea. Ndege walianguka wengi, wengine wakiwa wamejeruhiwa tu. Sasa alitakiwa mbwa wa namna nyingine: wa kuketi kimya kando ya bwana wake huku milio ikipasua masikio, asiondoke mpaka atumwe, kisha amlete ndege bila kumtafuna. Huyo ndiye ritriva, yaani mbwa mletaji.

Msomaji atafakari sifa hizo tatu: kuketi na kungoja, kutii neno moja, na kubeba kitu kinywani bila kukiumiza. Hakuna aliyezitafuta kwa ajili ya watoto wadogo. Zilitafutwa kwa ajili ya ndege. Walakini ndizo sifa zilizomfaa mbwa huyu kuishi na watoto, na baadaye kuwaongoza vipofu.

Wazee wa mbwa aitwaye Labrador walikuwa wa wavuvi wa kisiwa cha Newfoundland. Walifika Uingereza katika meli za samaki, hasa bandari ya Poole, na Earl wa Malmesbury aliwafuga huko karibu. Katika miaka ya 1880 wengine walitolewa zawadi kwa Duke wa Buccleuch wa Uskoti, na kutokana nao mbegu hiyo ikaimarika. Chama cha mbwa cha Uingereza, Kennel Club, kiliitambua rasmi mwaka 1903. Uhodari wake katika nyumba ulionekana baadaye: kwa miaka 31 mfululizo, tangu 1991 hata 2021, Labrador ndiye aliyeandikishwa kwa wingi kuliko mbwa wote wa Marekani.

Ndugu yake, ritriva wa rangi ya dhahabu, ana kisa chenye mafunzo kwa kila mwanafunzi wa historia. Kwa muda mrefu watu walihadithia kwamba kabaila mmoja, Dudley Marjoribanks, aliyepewa baadaye jina la Lord Tweedmouth, alinunua kundi la mbwa wa Kirusi wacheza michezo, na kwamba hao ndio mababu wa mbegu hii. Hadithi ilikuwa tamu, na wengi waliiamini. Lakini mwaka 1952 yalichapishwa mambo yaliyomo katika daftari ya Marjoribanks mwenyewe, iliyoandikwa kati ya miaka ya 1868 na 1890. Mrusi hakuwamo. Aliyekuwamo ni Nous, mbwa wa rangi ya manjano aliyenunuliwa Brighton mwaka 1865, na Belle, spanieli wa majini wa mto Tweed. Mwaka 1868, huko Guisachan katika milima ya Uskoti, walizaa watoto wa manjano, wakapewa majina ya maua ya manjano kama vile Crocus, Cowslip na Primrose. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na ukoo bila daftari hupata habari ya uongo.

Hata hivyo, wote hao walikuwa mbwa wa mabwana wakubwa. Mtu wa kawaida alipataje mbwa wa msasi? Hapa yatupasa kuvuka bahari mpaka Ujerumani. Kwa karne nyingi haki ya kuwinda ilikuwa ya makabaila, nao waliweza kuwinda hata katika mashamba ya wakulima. Mkulima aliona mazao yake yakiliwa na wanyama asithubutu kuwapiga. Mapinduzi ya mwaka 1848 yaliivunja haki hiyo, na mwenye ardhi akapewa uwindaji wa ardhi yake. Baada ya hapo wakawapo wasasi wengi wapya: wakulima, wenye maduka, watumishi wa serikali. Watu hao hawakuwa na vibanda vya mbwa 30 wala watumishi wa kuwalisha. Waliweza kufuga mbwa mmoja tu, naye ilimpasa kufanya kila kazi: kutafuta ndege na kusimama, kuleta wa nchi kavu na wa majini, kufuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa. Jioni alirudi nyumbani akalala karibu na moto, na usiku akalinda mlango.

Hivyo ndivyo zilivyokuzwa mbegu za Kijerumani za kazi nyingi, kama vile Kurzhaar mwenye nywele fupi, ambaye chama chake kiliundwa mwaka 1891, na Drahthaar mwenye nywele ngumu, ambaye chama chake kiliundwa mwaka 1902. Vyama hivyo viliwatia mbwa katika mitihani ya kazi kabla ya kuwaruhusu kuzaa. Sheria ya haki za watu ilibadilisha hata umbo na tabia ya mbwa. Lakini tusisahau upande wa pili: mbwa hao walitakiwa pia kuwaua mbweha na wanyama wengine walao ndege. Kwa hiyo mwenye paka, kuku au sungura nyumbani yampasa kujihadhari na baadhi yao.

Wakati huo huo jambo jingine lilianza. Mwaka 1859, katika mji wa Newcastle upon Tyne, yalifanywa maonyesho ya mbwa ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake, nayo yalikuwa ya pointa na seta tu. Mwaka 1865 yalifanywa mashindano ya kazi huko Southill. Pole pole mbegu moja ikagawanyika mara mbili: mbwa wa uzuri na mbwa wa kazi. Jina ni moja, lakini mmoja amechaguliwa kwa umbo na mwingine kwa mbio na ari. Mnunuzi asiyejua tofauti hiyo huweza kupata asichokitaka, ingawa jina katika karatasi ni lile lile.

Seta mwekundu wa Ireland alipatwa na msiba wa uzuri wake. Mwaka 1962 filamu iliyoitwa Big Red ilimwonyesha kwa watu wa Marekani, na katika miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa mbwa waliotakiwa sana nchini humo. Jamaa nyingi za mijini zilinunua rangi nyekundu. Zikaletewa mnyama wa mbugani, mwenye nguvu nyingi na hamu ya kukimbia. Muda si mrefu sifa zake zilishuka na wanunuzi wakapungua upesi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini hapa ndani hamkuwa kipande cha mti, mlikuwa kiumbe hai kilicholipa gharama ya kosa la mnunuzi.

Je, asili ndiyo kila kitu? Hasha. Wataalamu wawili wa Marekani, Scott na Fuller, walichunguza mbegu 5 za mbwa kwa miaka mingi, wakatoa kitabu mwaka 1965. Kati ya mbwa hao walikuwamo spanieli, na pia basenji, mbwa wa asili ya Kongo. Watoto wa spanieli walitulizwa kwa urahisi. Wa basenji walikuwa na hofu zaidi katika wiki ya 5, lakini waliposhikwa-shikwa na watu hofu ilipungua. Tena waligundua kwamba tangu wiki ya 3 hata ya 12 ndio wakati mkubwa wa mbwa kuwazoea wanadamu. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo: asili hutoa udongo, na malezi hufinyanga chungu.

Basi atakaye mbwa wa msasi wa kukaa na watoto na aulize maswali manne. La kwanza: wazee wake walichaguliwa kwa kazi gani, ya kukimbia mbali au ya kungoja? La pili: naweza kumwona mama yake, je, ni mpole kwa wageni, na mifupa ya nyonga ya wazazi imepigwa picha na mganga wa wanyama? Maana maradhi ya nyonga hurithiwa, na ritriva hupatwa nayo mara nyingi. La tatu: mtoto huyu amelelewa kati ya watu au bandani peke yake? La nne ni la kujiuliza mwenyewe: nani kwetu atamtembeza kila siku, mwaka huu na miaka 10 ijayo?

Katika Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977, na wengi wa wasomaji wangu hawatashika bunduki ya marisau maishani. Lakini mbwa hawa wamo katika nyumba za miji yetu, na ndani ya kila mmoja wao imo kazi aliyochaguliwa babu yake. Mtoto akitupa mpira uani, na mbwa akaufuata, akaurudisha mkononi bila kuutoboa, anayoiona hapo ni historia ya nyavu, bunduki na sheria. Ajuaye historia hiyo hatamlaumu mbwa kwa kuwa mbwa, wala hatamchukua nyumbani asiyeweza kumpa maisha yamfaayo.