Matairi ya Baridi na Dereva wa Stafford

Kila mwaka, joto la Houston linapoanza kulegea, huzuka miongoni mwetu swali ambalo mgeni angelicheka: je, dereva wa Stafford anunue matairi ya majira ya baridi? Anayeuliza si mtu wa kwenda ofisini na kurudi. Ni yule ndugu aliyeacha kubeba boksi akasomea leseni ya malori makubwa, au dada anayewahi abiria wa uwanja wa ndege saa kumi alfajiri, au mzee anayesambaza dawa mahospitalini. Kwao gari ndilo shamba. Seti ya matairi manne ya gari dogo hula mamia ya dola, na ya lori hula maelfu, fedha ambazo zingeweza kwenda kwenye ada ya mtoto wa ndugu kule Moshi au Kisumu. Kwa hiyo swali si la mzaha, na sisi tunaona jibu lake limo zaidi katika historia ya tairi lenyewe kuliko katika matangazo ya wauzaji.

Mahali hapa pamezoea mambo ya uchukuzi. Reli ya kwanza ya Texas, iliyoanzia Harrisburg, ilifika hapa mwaka 1853, wakati pakiitwa Stafford's Point, ili kubeba mazao ya mashamba ya pamba na miwa. Siku hizi mizigo mingi inapita kwa malori kwenye barabara ya 90A na ile ya 59, na baadhi ya usukani umeshikwa na watu wanaosalimiana kwa Kiswahili kwenye vituo vya mafuta.

Tuanze na minyororo, maana ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1904 Harry Weed, mtu wa jimbo la New York, alipata hataza ya minyororo ya kufunga kwenye matairi. Inasimuliwa kwamba wazo alilipata kwa kuwaona madereva wakizungushia magurudumu kamba na mitambaazi ili wasiteleze kwenye matope na theluji. Aliyewahi kukwama njiani wakati wa masika, akakata matawi na kuyatupia chini ya gurudumu, atamwelewa Weed bila kuhitaji mkalimani.

Miaka 30 baadaye, yaani 1934, kiwanda cha mpira cha Finland ambacho leo tunakijua kwa jina la Nokian Tyres kilitoa tairi linalohesabiwa kuwa la kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa theluji. Liliitwa Kelirengas, tairi la hali ya hewa. Msomaji azingatie jambo moja: lilikuwa tairi la lori. Barabara nyingi za Finland hazikuwa zikisafishwa theluji kama leo, na mzigo ulipaswa kufika, basi wakachonga meno makubwa ya kukingama ili tairi liume na kujisukuma. Gari dogo lilisubiri hadi 1936 kupata la kwake. Kwa maneno mengine, tairi la baridi halikuanza kama anasa ya mwenye gari la familia. Lilianza kwa ajili ya mtu anayelipwa kwa kufikisha mzigo.

Meno yale makubwa hayakuwa mageni kwetu. Angalia ubavu wa tairi la gari lako: yumkini utaona herufi M na S. Maana yake ni matope na theluji. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tunaijua hiyo M kwa undani. Mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953, yalifanyika kwa miaka mingi wakati wa Pasaka, katikati ya mvua za masika, na mwaka 1963 ni magari saba tu yaliyomaliza. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff katika Peugeot 404. Ile S ndiyo iliyotusubiri huku.

Sasa hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana. Herufi M na S hupewa tairi kwa umbo la meno yake tu. Hakuna jaribio lililolazimishwa. Ndiyo maana mwaka 1999 vyama vya viwanda vya mpira vya Marekani na Kanada vilianzisha alama nyingine, mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo hutolewa baada ya tairi kupimwa kwenye theluji iliyoshindiliwa na kushinda tairi la kulinganishia kwa asilimia 10 au zaidi. Ni maendeleo makubwa. Lakini tazama kilichopimwa: theluji, wala si barafu. Mpira wenyewe pia umebadilika. Tairi la kawaida la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, ilhali la baridi hubaki laini. Ulaini huo huo ndio unaolimaliza upesi kwenye lami ya moto, na Januari ya Houston mchana kwa kawaida hupita nyuzi 15. Dereva anayetembeza tairi la baridi kati ya Stafford na uwanja wa ndege anachoma fedha yake taratibu kwenye lami.

Texas ina baridi, hilo hatubishi. Februari 1895 Houston ilipata theluji ya inchi 20, na tarehe 21 Januari 2025 ilianguka tena kiasi cha kufunga viwanja vyote viwili vya ndege. Ila adui mkubwa wa dereva wa Texas ni mvua inayoganda. Inashuka maji, ikigusa zege ya daraja inakuwa kioo. Madaraja hutangulia kuganda kwa sababu upepo baridi hupita juu na chini yake, na Houston na Dallas ni miji ya barabara zilizopandiana kama ngazi.

Alfajiri ya tarehe 11 Februari 2021, kwenye njia za kulipia za barabara ya I-35W mjini Fort Worth, magari zaidi ya 130 yalirundikana, na watu sita wakafa. Wengi wao walikuwa wakienda kazini au wakitoka zamu. Malori makubwa yaliingia kwenye rundo lile bila kuweza kusimama, kwani njia hizo zimezingirwa na kuta za zege pande zote na hakuna pa kukimbilia. Uchunguzi wa serikali kuu ulitaja barafu na mwendo wa kasi, lakini ulinyoosha kidole pia kwa waliokuwa na jukumu la kuiangalia barabara ile kwa kushindwa kuigundua hatari na kuishughulikia kwa wakati. Hakuna tairi la dukani ambalo lingemhakikishia mtu usalama pale. Chumvi ingemsaidia, na mtu wa kufunga njia mapema, na mwajiri wa kumwambia abaki nyumbani.

Historia ya kwetu inasema hivyo hivyo. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalibebwa kutoka Dar es Salaam kwa malori katika Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo wakati wa mvua ilikuwa bahari ya utelezi. Wenyewe kwa Kiingereza waliipa jina la mbio za jehanamu. Madereva walifanya kila waliloweza kwa minyororo, majembe na dua. Lakini kilichopunguza vifo na hasara ni bomba la TAZAMA mwaka 1968, kisha lami, kisha reli ya TAZARA iliyokamilika 1975. Tairi zuri ni jibu la dereva pale ambapo mwenye barabara hajatoa jibu lake.

Wako waliolifanya tairi kuwa jukumu la sheria. Jimbo la Québec huko Kanada, ambako wenzetu wengi kutoka Kongo na Burundi wanaishi, lililazimisha matairi ya baridi kuanzia msimu wa 2008, teksi zikiwemo. Na tangu 2019 kipindi hicho huanza tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Dereva wa teksi wa Montréal hana haja ya kujiuliza kama inalipa, maana mshindani wake naye amelazimika kutoa fedha hiyo hiyo. Ajabu ni kwamba malori mazito yaliachwa nje ya sheria ile, ingawa tairi lenyewe lilizaliwa kwa ajili ya lori.

Basi kwa anayefanya kazi ndani ya Houston na vitongoji vyake, sisi tunasema asinunue. Atunze matairi ya misimu yote yenye meno ya kutosha, apime upepo asubuhi ya baridi kwa sababu hupungua, na zile siku mbili au tatu za barafu azime simu ya kazi na abaki na wanawe. Anayechukua abiria kwa gari lake mwenyewe hasaidiwi na kampuni kununua tairi, basi na asiisaidie kampuni kwa shingo yake.

Kwa mwenye lori jibu linageuka, kwa kuwa yeye haishi katika hali ya hewa ya Stafford ila usiku mmoja mmoja. Anaondoka hapa amevaa fulana, anapita Dallas na Amarillo, na kesho yake yuko kwenye mlima wa Raton akielekea Denver. Akiendelea magharibi kwa I-70 atapita kwenye handaki la Eisenhower, mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, yaani kati ya kibanda cha Mandara na cha Horombo kule Kilimanjaro, akiwa na tani zaidi ya 30 mgongoni. Huyo anahitaji tairi lenye alama ya mlima kwenye magurudumu ya kusukuma. Kanuni ya serikali kuu inataka meno ya matairi ya mbele yasipungue inchi 4/32, na ya mengine 2/32. Hicho ni kiwango cha kukwepa faini, hakimtoshi mtu anayeshuka mlima. Kama lori ni la kampuni, adai matairi kabla ya safari, tena kwa maandishi.

Na ajue kwamba anayo haki ya kusimama. Kanuni za uchukuzi zinasema hali ikiwa ya hatari vya kutosha, lori lisimamishwe, na sheria ya mwaka 1982 inamlinda dereva anayekataa kuendesha gari lisilo salama. Januari 2009 Alphonse Maddin alikwama Illinois usiku, breki za tela zimeganda na hita haifanyi kazi. Aliambiwa asiliache tela. Alisubiri kwa masaa hadi miguu ikafa ganzi, kisha akalifungua tela akaondoka na kichwa cha lori kutafuta joto. Akafukuzwa kazi. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilimpa ushindi, majaji wawili kwa mmoja. Yule mmoja, Neil Gorsuch, yuko Mahakama ya Juu tangu 2017.

Colorado nayo inawataka wenye malori wanaopita I-70 milimani wawe wamebeba minyororo kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei. Kwa hiyo minyororo ya mwaka hupakiwa hapa Stafford mwishoni mwa Agosti, jua likiwa kali kiasi kwamba chuma hakishikiki bila glovu.