Msichana katika Hali ya Hatari: Malezi, Vita na Chimbuko la Tawasifu ya Mwanamke nchini Kenya

Utangulizi

Kumbukumbu za vita vya Mau Mau zilizosomwa zaidi katika miaka ya 1960 ziliandikwa na wanaume. Josiah Mwangi Kariuki alichapisha masimulizi yake ya kizuizini mwaka 1963. Karari Njama, kwa kushirikiana na Donald Barnett, alieleza maisha ya msituni mwaka 1966. Naye Waruhiu Itote, aliyefahamika kama Jenerali China, akafuata mwaka 1967. Vitabu hivi viliasisi kaida ya utanzu: kiapo, msitu au kambi, kisha kurejea. Mwanamke hutokea humo hasa akiwa mpelekaji wa chakula na habari. Msichana aghalabu hana nafasi. Hata katika Weep Not, Child (1964) ya Ngugi wa Thiong'o, riwaya inayohusu utoto katika kipindi hicho, Mwihaki anatazamwa zaidi kwa macho ya mvulana Njoroge.

Kaida hiyo ilitikiswa mwaka 1969, Charity Waciuma alipochapisha Daughter of Mumbi, tawasifu ya msichana aliyekulia katika Hali ya Hatari. Makala haya yanapendekeza kwamba kwa msichana, vita hivyo vilikuwa pia mzozo kuhusu nani mwenye mamlaka ya kumlea hadi awe mwanamke. Dola, kanisa, wazee na wapiganaji, kila upande ulidai haki hiyo. Tawasifu za wanawake zinaweza kusomwa kama jibu la msichana mwenyewe kwa madai hayo.

Mzozo uliotangulia bunduki

Chanzo cha mzozo huo kinatangulia mwaka 1952. Mnamo 1929 wamishenari, wakiongozwa na Kanisa la Scotland, waliwataka waumini wa Kigikuyu waikane tohara ya wasichana. Wengi walijitoa, na harakati za shule za kujitegemea zikapata nguvu. Mwili wa msichana ukawa tayari ni suala la siasa, huku yeye mwenyewe akiwa hajaulizwa neno.

Waciuma, aliyezaliwa mwaka 1936 katika familia ya Kikristo, anaandika kutoka ndani ya ufa huo. Msichana ambaye hakutahiriwa alikuwa mtoto wa ukoo na mgeni kwa wakati mmoja. Hirimu zake walimwona kama mtu ambaye hakukamilika. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ilizifunga shule za kujitegemea, na njia ya elimu ikabaki kupitia misheni na dola. Kwa hiyo, ufa wa nyumbani ukageuka mstari wa vita, na katika vita hivyo Waciuma akampoteza baba yake, aliyeuawa.

Kijiji na kuvunjika kwa malezi

Kuanzia Juni 1954 serikali iliwahamisha watu kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa. Kufikia mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamewekwa katika vijiji zaidi ya 800. Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kizuizini, msituni au mijini, wakazi walikuwa hasa wanawake, watoto na wazee. Walichimba mahandaki na kujenga barabara chini ya usimamizi wa askari wa ulinzi wa nyumbani, na muda wa kwenda shambani na mtoni ukapimwa kwa amri ya kutotoka nje.

Muthoni Likimani aliigeuza hali hiyo kuwa hadithi katika Passbook Number F.47927 (1985). Kwa mhakiki wa malezi, jambo la kuzingatiwa ni kwamba mafunzo ya msichana yalifungamana na kazi: shambani pamoja na mama, mtoni pamoja na hirimu, jikoni kwa nyanya. Kijiji cha dharura kiliviacha vitendo hivyo na kuvinyima utulivu wake. Mama aliyerudi usiku kutoka kazi ya kulazimishwa alikuwa na muda mchache wa kufunza, na binti alijikuta akibeba majukumu ya mtu mzima kabla ya wakati.

Nyembe za Meru

Mfano mkali zaidi unatoka Meru. Mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke, likihimizwa na maafisa wa kikoloni, lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Kama alivyoonyesha mwanahistoria Lynn Thomas, wasichana wengi walinunua nyembe na kutahiriana wenyewe. Walijulikana kwa jina la Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Kati ya 1956 na 1959, zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kukiuka marufuku hiyo.

Tukio hili halisomeki kwa wepesi. Kuliita ushujaa wa kizalendo ni kusahau jeraha. Kuliita ujinga ni kusahau amri zilizowazunguka wasichana hao. Leo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inakataza ukeketaji, na madhara yake yanajulikana. Hata hivyo, jina Ngaitana lina nafsi ya kwanza umoja. Wakati mamlaka zote zilipouamulia mwili wa msichana, yeye alitwaa sarufi ya uamuzi, na gharama akailipa kwa mwili huohuo.

Ua wa shule na ukuta wa kizuizi

Wangari Maathai, aliyezaliwa 1940, anaonyesha sura nyingine. Katika Unbowed (2006) anasimulia maisha ya bweni katika shule ya Mtakatifu Cecilia, Nyeri, ambako ua wa misheni ulimkinga huku ukimfunza kuwaogopa wapiganaji. Mtu mzima anayesimulia anamsahihisha msichana aliyeamini alichofundishwa. Katika nafasi baina ya sauti hizo mbili ndimo historia inamoandikwa.

Wambui Waiyaki Otieno alichukua njia tofauti. Mau Mau's Daughter (1998) inaeleza jinsi binti wa afisa wa polisi alivyokula kiapo akiwa kijana na kuwa mpelelezi wa wapiganaji jijini Nairobi. Mwaka 1960 alizuiliwa Lamu, na huko akabakwa na afisa. Kulitaja jambo hilo waziwazi, baada ya takribani miaka 40, kulipanua mipaka ya tawasifu ya vita nchini Kenya. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya London iliruhusu kesi ya wahanga wa Hali ya Hatari iendelee. Miongoni mwao alikuwa Jane Muthoni Mara, aliyeeleza mateso ya kijinsia aliyotendewa akiwa bado msichana. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa fidia wadai zaidi ya 5,000.

Hitimisho

Kutoka 1969 hadi 2006, sauti ya msichana ilizidi kupata uhuru wa kutaja. Lakini Waciuma, Otieno na Maathai wote walipata shule, na vitabu vyao vilitoka kwa Kiingereza. Wasichana wa vijijini na wale wa nyembe za Meru wamebaki hasa katika majalada ya mahakama na mahojiano ya watafiti, ambako maswali huulizwa na mwingine. Historia ya utanzu huu haitakamilika pasipo masimulizi yao, kwa lugha zao na kwa mpangilio wao. Aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1954 amekwisha kuvuka miaka 80. Kazi ya kumsikiliza haiwezi kuahirishwa.