Mbegu nzima, mbegu ya kusaga: namna viungo vilipata namba ya duane



Kati yetu kuna wengi waliorudi kutoka Uganda na sasa wanaishi kwa biashara ndogo ya mpakani: Mahagi, Aru, soko la Ariwara, ao kwa mitumbwi ya Kasenyi na Tchomia. Wamoja wao wanauza viungo vya chakula: korianda (watu wa pwani wanaita giligilani), kumini (wao wanasema bizari nyembamba), pilipili kavu. Kilio chao ni kimoja. Beseni ile ile leo inaitwa mbegu, kesho inaitwa chakula, keshokutwa inaitwa dawa ya kienyeji. Jina likibadilika, pesa ya kulipa nayo inabadilika, na mtaji wa familia unaishia barabarani. Ndiyo maana tumeona tuandike historia ya jina hilo. Jina la mzigo lina sheria yake, na sheria ile iko na miaka mingi.

Wakati hakukuwa na haja ya jina

Tarehe 26 Februari 1885, kule Berlin, wakubwa wa Ulaya walitia sahihi mkataba juu ya bonde la Kongo. Walikubaliana kwamba bidhaa zinazoingia zisilipe ushuru wa kuingia. Eneo hilo la biashara huru halikuishia Kongo; walilivuta mpaka Bahari ya Hindi. Kwa hiyo Ituri yetu na Uganda ya jirani, kwenye karatasi, zilikuwa ndani ya sheria moja ya biashara. Lakini ushuru wa kutoka haukukatazwa, na Leopold II alitoza pembe za ndovu na mpira uliokuwa unatoka.

Mambo hayakukaa hivyo. Tarehe 2 Julai 1890, kule Brussels, waliruhusu ushuru wa kuingia, usipite 10 kwa 100 ya thamani, pombe kali ikiwekwa pembeni. Hapo ndipo kazi ya majina ilianza. Ukitoza kufuatana na thamani, lazima kwanza ujue kitu ni nini na bei yake ni ngapi. Kila nchi ikatunga orodha yake, na mfanyabiashara aliyevuka mpaka alikuta mzigo wake umebatizwa jina jipya.

Dunia inatafuta orodha moja

Mwaka 1913, Brussels tena, nchi 29 zilikubaliana juu ya orodha ya kuhesabu biashara. Ilikuwa na majina 186 tu, katika makundi 5. Ilisaidia watu wa takwimu, lakini kwa duane ilikuwa nyembamba sana. Mwaka 1950 ukatiwa sahihi mkataba mwingine, wa orodha ya ushuru yenyewe. Halafu tarehe 14 Juni 1983 ukakubaliwa ule tunaotumia leo, Mfumo Uliooanishwa, na ulianza kazi tarehe 1 Januari 1988. Leo una makundi zaidi ya 5,000, na karibu dunia nzima inaufuata.

Namba yake ni ya tarakimu 6, na kuisoma si jambo gumu. Mbili za kwanza ni sura. Sura ya 09 ni ya kahawa, chai na viungo. Kahawa ya Ituri inakaa nyumba moja na korianda. Mbili zinazofuata ni jamaa ya kitu: 0909 ni jamaa ya korianda, kumini, anisi na shamari. Mbili za mwisho zinakuambia ni mtoto gani wa ile jamaa, na yuko katika hali gani.

Nzima ao ya kusaga?

Zamani korianda yote ilikuwa na namba moja. Mwaka 2012 orodha ilirekebishwa, na mabadiliko mengi ya mazao mwaka ule yalitokana na maombi ya FAO, juu walitaka kufuata vizuri mwendo wa chakula duniani. Tangu pale, korianda nzima ni 0909.21, iliyopondwa ao kusagwa ni 0909.22. Kumini nzima ni 0909.31, ya kusaga ni 0909.32. Pilipili kavu nzima ni 0904.21, unga wake ni 0904.22. Pilipili ikiwa mbichi hata haiko katika sura hii: inaenda na mboga, 0709.60. Na vanila nzima ni 0905.10.

Ukichanganya viungo vya jamaa mbalimbali katika mfuko mmoja, vinahama namba vyote na kuwa mchanganyiko, 0910.91. Mama anayefunga korianda na pilipili pamoja ili mzigo uwe mdogo, ametengeneza bidhaa nyingine bila kujua.

Hata kama ni ya kupanda

Jambo hili linatugusa sisi tunaotembea vijijini na mbegu za msaada. Mbegu za kupanda ziko na nyumba yake, 1209, na nchi nyingi zinazipunguzia ushuru ili kusaidia mkulima. Mbegu za kitunguu na za lengalenga zinaingia pale. Lakini maelezo ya sura ya 12 yanasema wazi: viungo vya sura ya 09 haviingii 1209, hata kama ni vya kupanda. Korianda unayotaka kutia shambani kwako Djugu inabaki 0909.21. Maharagi nayo yanabaki 0713. Mahindi ya mbegu yanabaki katika jamaa ya mahindi, ila yanapewa namba ndogo yao, 1005.10. Kwa viungo, sheria inaangalia kitu chenyewe, haiangalii nia ya mwenye kukibeba.

Na huku kwetu?

Zaire ilianzisha OFIDA mwaka 1979. Mwaka 2009 DGDA ikachukua nafasi yake, na sheria mpya ya duane ilitoka tarehe 20 Agosti 2010. Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wengi walifikiri ushuru wote utakufa siku ile. Hapana. Jumuiya iko na cheti rahisi cha asili kwa mizigo isiyopita dola 2,000, lakini cheti kile ni cha vitu vilivyozaliwa ndani ya Jumuiya. Kumini iliyolimwa India, hata ukiinunua Kampala, haina haki ya cheti kile. Na cheti hakiondoi karatasi ya afya ya mimea.

Basi munaona: tarakimu 6 za kwanza ni zile zile upande wa Uganda na upande wetu. Kinachoweza kutofautiana ni kiasi cha ushuru, ao tarakimu ambazo nchi inaongeza nyuma. Karatasi ya kutoka Goli ikiandika 0909.21, mtu wa Mahagi hawezi kusema ni dawa bila kueleza sababu.

Kwa hiyo tunaomba wanachama: mufunge kila kiungo peke yake. Muandike kama ni kizima ao cha kusaga. Muulize kilitoka nchi gani, na mutunze risiti ya aliyewauzia. Kabla ya kulipa, muombe namba iandikwe kwenye karatasi, na muikamate vizuri. Kwenye mikutano yetu ya kila kikundi, mulete karatasi zile tuzisome pamoja. Mwenye kusoma amsaidie asiyesoma. Tulirudi nyumbani na mtaji mdogo. Tusiache upotee juu ya jina.