Mahabusu si Mfungwa

Laiti wasimuliao habari za mahakama wangalizingatia tofauti iliyopo baina ya mtuhumiwa, ambaye anashukiwa tu, na mshtakiwa, ambaye amekwisha kusomewa mashtaka mbele ya hakimu, wasingalithubutu kumwita mfungwa mtu aliyewekwa rumande kwa kuwa shtaka linalomkabili, kama lile la kuua kwa kukusudia, halina dhamana. Huyo ni mahabusu, neno tulilolipokea kwa Waarabu, ambao kwao, ajabu, humjumuisha hata aliyekwisha kuhukumiwa. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13, yakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Basi, enyi waandishi, mfungwa mwiteni yule aliyehukumiwa kifungo, wala si mwingine.