Udhibiti wa Mmeng'enyo wa Chakula

Mmeng'enyo wa chakula huongozwa na neva pamoja na homoni. Harufu ya maharage yanayochemka jikoni Iringa yatosha: ubongo hutuma ishara kupitia neva, mate hujaa kinywani na tumbo, likiamshwa na neva ya vagasi, huanza kutoa asidi, ugali wenyewe bado haujasongwa.

Parachichi la Rungwe, mkoani Mbeya, huonyesha vizuri zaidi kazi ya homoni. Mafuta yake yakifika kwenye utumbo mwembamba, homoni ya kolesistokinini huingia kwenye damu. Mfuko wa nyongo hujikamua, kongosho hutoa vimeng'enya, na tumbo hupunguza kasi ya kupitisha chakula. Ndiyo maana shibe yake hudumu.

Asidi ya tumbo nayo huamsha homoni ya sekretini, iliyogunduliwa London mwaka 1902 na William Bayliss na Ernest Starling.

Utumbo pia una mtandao wake wa neva, unaoweza kusukuma chakula bila amri ya ubongo.