Krediti zilizaliwa juu ya kuchagua



Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 hesabu mpya imeingia ku vyuo vikuu vyetu: krediti 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi. Sisi wa mfumo wa zamani, graduat miaka 3 na lisansi miaka 2, tulikuwa tunaulizana: "Ulipata ngapi ku mia?" Wadogo zetu wa LMD wanaulizana: "Ulishavalide krediti ngapi?" Lakini sijasikia mtu anauliza hii krediti yenyewe ilitoka wapi, na ilitengenezwa kwa shida gani.

Mimi napenda historia ya vyuo vikuu, naisoma jioni sawa vile wengine wanafuata mpira. Jibu nililokuta ni hili: krediti ilizaliwa siku wanafunzi walipoanza kuchagua kozi zao wenyewe, na chuo kikakosa namna ya kuwahesabia. Uhuru ulitangulia, hesabu ikafuata. Siye tumeletewa hesabu. Uhuru nautafuta bado.

Tuende kwanza Marekani, maana njo kule mambo yalianzia. Miaka ya 1820 mwanafunzi wa Yale alikuwa hana cha kuchagua. Kilatini, Kigiriki, hesabu, falsafa: promosyo nzima inasoma kitu kimoja, kwa mwendo mmoja. Kueleza nani amemaliza ilikuwa rahisi, ni yule aliyepita ku yale ambayo wote walipita. Watu wa nje walianza kulalamika kwamba Kigiriki hakimsaidii mfanyabiashara, na mwaka 1828 maprofesa wa Yale wakaandika ripoti ya kutetea mfumo wao. Walisema chuo kina kazi mbili: kuizoeza akili na kuijaza, na ya kwanza njo kubwa. Si hoja ya kijinga. Niliwahi kuisikia karibu neno kwa neno kutoka kwa mwalimu mmoja wa kwetu, naye hakuwa amesoma habari za Yale hata kidogo.

Mwaka 1869 Harvard ilimpa uongozi mkemia wa miaka 35, Charles Eliot. Alikaa ku kile kiti miaka 40, na muda huo wote alikuwa anaondoa kozi za lazima, darasa moja kisha lingine. Alianza na wa mwaka wa nne, akashuka wa tatu, akashuka wa pili. Februari 1885 alisimama New York mbele ya watu kubishana na James McCosh, kiongozi wa Princeton, mzee Mskoti aliyeona kwamba kumwachia kijana orodha nzima ya kozi ni kumtupa. McCosh alikuwa msemaji mkali, lakini Eliot hakurudi nyuma. Kufika mwaka 1897, kitu kimoja tu kilibaki lazima kwa mwanafunzi wa Harvard: kozi ya kuandika Kiingereza, mwaka wa kwanza. Yote mengine alichagua mwenyewe.

Sasa fikiria sekreteri wa fakulte. Kijana mmoja analeta kemia, Kijerumani na jiolojia. Mwenzake analeta historia, falsafa na sanaa. Wote wawili wanaomba diploma moja, ile bachelor ya elimu huru (arts libéraux, yaani masomo mapana yasiyomfunga mtu ku kazi moja). Utasema vipi kwamba wamefanya sawa? Hawakusoma kitabu kimoja, hawakukaa chumba kimoja. Kinachobaki ni kuhesabu: kozi ngapi, saa ngapi. Ile hesabu njo babu wa krediti yako.

Kilichoipa nguvu ile hesabu, cha ajabu, ni pensheni. Mwaka 1905 Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, alitoa dola milioni 10 ili maprofesa wazee wapate pensheni. (Msomaji wa Kongo anacheka hapa, najua. Profesa na pensheni yake ni habari ndefu.) Lakini watu wa mfuko ule walikuwa na swali: chuo cha kweli ni kipi? Wakati ule shule nyingi zilijiita chuo. Wakaweka masharti. Moja lilisema: chuo kikubali tu wanafunzi waliofanya vipimo 14 vya sekondari, na kipimo kimoja ni somo moja la karibu saa 120 kwa mwaka. Chuo kisichokubali, wazee wake hawapati kitu. Vikakubali, na haraka. Mwaka 1910 mfuko ule ule ulitoa ripoti ya injinia, Morris Cooke, mfuasi wa Taylor yule wa kupima kazi ya kiwanda kwa saa ya kusimamisha. Cooke alipendekeza vyuo vipimwe kwa "saa-mwanafunzi": saa moja ya somo, ya mwanafunzi mmoja.

Mimi sioni kwamba ni jambo la kuchukia. Bila kipimo, mtu akihama chuo anaanza zero. Lakini tujue kimetoka wapi: upande mmoja kuchagua, upande mwingine kiwanda na pensheni.

Uhuru wa Eliot nao ulikuwa na tundu. Vijana wengi walikuwa wanachagua kozi nyepesi za mwanzo, moja hapa moja pale, miaka yote, bila kuchimba popote. Mrithi wake, Lowell, aliingia 1909 na kuweka kanuni: ku kozi 16 za mwaka mzima, angalau 6 ziwe za fani moja, na zingine zitawanywe ku maeneo mengine. Vyuo vingi vya Marekani vinafuata sura hiyo mpaka leo, kuchimba sehemu moja na kutembea sehemu zingine.

Miaka ya 1960 njo swali lilirudi kwa nguvu, na safari hii lilirudishwa na wanafunzi. Chuo cha Brown, ku Rhode Island, wanafunzi wawili, Ira Magaziner na Elliot Maxwell, walianzisha kikundi cha kuchunguza elimu yao wenyewe. Walitoa kitabu cha kurasa zaidi ya 400. Kurasa 400, wandugu! Kisha wakaanza kupita kwa maprofesa kuwaeleza, na wenzao wakawasimamia. Mei 1969 maprofesa walipiga kura wakakubali. Kozi za lazima za wote zikafutwa, na alama ya kuanguka haiandikwi tena ku rekodi. Leo mwanafunzi wa Brown anahitaji kupita kozi 30, kuonyesha kwamba anajua kuandika vizuri, na kumaliza fani moja. Kama fani anayoitaka haipo, anaruhusiwa kuitunga: anaandika kurasa za kuitetea, anatafuta profesa wa kuisimamia, anapeleka mbele ya kamati. Kamati inaweza kukataa.

Watu wengi wakisikia "diploma unayoitunga mwenyewe" wanafikiri ni ya wavivu. Mimi naona kinyume, na chuo kinachonionyesha vizuri ni Hampshire, ku mji wa Amherst, Massachusetts. Mpango wake uliandikwa mwaka 1958 na maprofesa wa vyuo vinne vya jirani, na kikafungua milango 1970. Hakikuwa na idara za kawaida wala alama. Kumaliza kulikuwa na ngazi tatu. Ya kwanza, mwanafunzi anapita ku maeneo mbalimbali ya elimu. Ya pili, anaandika mkataba na maprofesa wake: nitasoma nini, kwa swali gani, na nitaonyesha nini mwishoni. Anakusanya kazi zake zote na kuzitetea mbele yao. Ya tatu ni mwaka mzima wa kazi moja kubwa, kitabu, jaribio la sayansi, filamu, mashine, chochote, na kuitetea pia. Badala ya alama 14 ku 20, anapata barua ndefu inayoeleza alichofanya vizuri na pale alipokwama. Siku anayomaliza, anapiga kengele ya chuo, marafiki wamemzunguka.

Angalia pale ugumu umehamia. Siye ugumu wetu uko ku mtihani: profesa anajua swali, wewe unatafuta jibu. Kule mwanafunzi njo anadaiwa swali. Hakuna silabusi ya kununua, hakuna noti za mkubwa wa mwaka jana. Ku New York University kuna shule inayoitwa Gallatin, iliyoanza 1972 kwa jina la chuo kisicho na kuta. Pale krediti ni 128, lakini hazitoshi. Lazima uandike historia ya akili yako, umefika vipi ku maswali yako, na mpango wa masomo yaliyobaki. Mwishoni unatengeneza orodha ya vitabu na kazi zingine, 20 mpaka 25, vya zamani na vya sasa, na unakaa na maprofesa watatu kuzungumza juu yake. Mtu aliyekusanya krediti ovyo anaumbuka pale ndani ya dakika kumi.

Tena ile elimu ni ghali. Kamati ya maprofesa wawili kwa kila mwanafunzi inakula pesa na muda. Hampshire ilikuwa na akiba ndogo, na Januari 2019 ilitangaza inatafuta mwenzi wa kuishika, maana ilikuwa karibu kuanguka. Kwa hiyo mtu asiniambie tuige kesho asubuhi. Profesa mwenye wanafunzi mia kadhaa ku oditwari moja atasoma mikataba ya nani?

Sasa turudi nyumbani, maana kuna kipande cha historia yetu ambacho wadogo hawaambiwi. Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954 kwa mkono wa Louvain, na chuo cha serikali Élisabethville mwaka 1956. Diploma ilikuja kwa sura ya Ubelgiji: mwaka ni fungu moja, kozi zimepangwa, juri inaamua, ukianguka unarudia. Kisangani ikafuata 1963. Mwaka 1971 vyote vitatu viliunganishwa kuwa UNAZA, na fakulte zikagawanywa kwa miji: sheria, uchumi na udaktari Kinshasa, barua na sayansi za jamii Lubumbashi, saikolojia na ualimu Kisangani. Pima hiyo. Mwanafunzi wa sheria wa Kinshasa aliyetaka kozi moja ya historia ya kweli, mwalimu wake alikuwa Lubumbashi, zaidi ya kilometa 1500 kwa ndege. Hata kama kanuni ingemruhusu kuchagua, ramani ilimkatalia. UNAZA ilivunjwa 1981, fakulte zikaanza kurudi ku kila mji, lakini naona ile tabia ilibaki: kila fakulte ni nchi yenye mpaka wake.

Krediti zetu za leo hazikutoka Harvard moja kwa moja. Ulaya ilianza kujaribu mfumo wake 1989 ndani ya Erasmus, ili mwanafunzi akienda kusoma nchi nyingine, chuo chake kimhesabie aliyosoma. Mwaka ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 mpaka 30 za kazi, ukihesabu na kazi ya nyumbani. Mwaka 1999 nchi 29 zilitia saini Bologna, na LMD ikasambaa mpaka kutufikia. Sheria ya elimu ya 2014 ilifungua njia, na 2021 tukaingia.

Faida iko, nisiifiche. Krediti uliyovalide ni yako. Haiwezekani tena kozi moja ikurudishe mwaka mzima. Nani wa umri wangu hakumwona mtu aliyerudia kozi kumi na mbili juu ya mbili? Na uhamisho kati ya vyuo unaweza kuwa rahisi, vyuo vikikubali kuaminiana.

Lakini fungua maketi, ile orodha ya kozi za promosyo yako, kisha hesabu. Ku maketi nilizoonyeshwa mimi na wadogo wa fakulte tatu, mstari wa kozi za kuchagua ulikuwa mmoja au haukuwepo, na pale ulipokuwepo kulikuwa na kozi moja ndani yake. Kuchagua moja ku moja! Mwanafunzi wa agronomia anayetaka krediti 4 za historia ya ardhi ya Kivu haombi Hampshire. Anaomba mlango wa fakulte ya jirani, mita 200, na sahihi ya sekreteri wawili. Ile hesabu ya krediti ilitengenezwa kwa ajili ya mtu sawa na yeye. Mpaka sasa analipia hesabu, na mlango umefungwa.

Pale tunapokaribia ile elimu ni memwari tu, na TFC kabla yake. Kazi ndefu, swali lako, kuitetea mbele ya watu: njo ngazi ya tatu ya Hampshire kabisa, nasi tunayo tangu zamani. Tofauti ni kwamba kwetu inakuja peke yake, baada ya miaka ambayo hakuna aliyekuuliza unataka kujua nini. Njo maana wengi wanafika pale wanazunguka ku korido: "Yaya, nipe kichwa cha memwari."

Juzi nilitoa karatasi zangu za alama na kuhesabu. Miaka 5, kozi zaidi ya 50. Nilizochagua mwenyewe: zero. Kichwa cha memwari njo kilikuwa changu, na hicho pia direkta alikibadilisha maneno mawili.