Kucheza wakati wa kilio: rumba, aibu na sisi tuliovuka Rusizi

Vijana wenzangu, leo naanza kwa kuungama. Machi 2025, siku chache baada ya kuvuka kutoka Bukavu, nilikutwa nyuma ya shitingi nikicheza ndombolo peke yangu. Telefone mfukoni, sauti chini kabisa. Mama mmoja jirani alinitazama, akasema: "We mutoto, watu wanalia, we unatikisa kiuno?" Hakupiga kelele. Aliendelea na ndoo yake ya maji. Lakini mimi haya ilinishika mpaka masikio yakawa ya moto. Nikazima muziki. Na usiku, kweli ya Mungu, nikawasha tena.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: ni sisi wa kwanza kupenda kitu hiki na kukionea haya? Nimesoma, nimeuliza wazee, na jibu ni hapana. Historia ya rumba ni historia ya watu walioambiwa waache, wakaendelea.

Neno lenyewe, wengi wanasema limetoka kwa "nkumba", yaani kitovu, kwa lugha ya Kikongo. Ilikuwa ngoma ya watu wawili wanaokaribiana kitovu kwa kitovu. Watumwa waliotolewa Kongo walivuka bahari na ngoma zao mpaka Cuba. Miaka ya 1930 sahani za santuri za Cuba zikafika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, na vijana wa kule wakasikia kitu wanachokijua. Wakachukua gitaa.

Mmoja wao ni Wendo Kolosoy, fundi wa mashine kwenye meli za mto Kongo. Mwaka 1948 alirekodi "Marie-Louise" pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane, katika studio ya Ngoma. Wimbo ulienea sana, na watu wakaanza kusema kwamba ukipigwa usiku wa manane unaamsha wafu. Mapadri hawakupenda. Inasimuliwa kwamba Wendo alifukuzwa mjini, akafungwa kwa muda, na Kanisa likamtenga. Sasa fikirini: watu waliokuwa wakiomba Jumapili ndio hao hao waliokuwa wakicheza Jumamosi. Walipenda, na walijificha.

Baada ya mapadri, ikaja zamu ya serikali. Franco Luambo, aliyeanzisha OK Jazz na wenzake mwaka 1956, alikuwa akipendwa na Mobutu mwenyewe. Lakini mwaka 1978 alitiwa gerezani kwa sababu ya nyimbo zilizosemwa kuwa ni za matusi. Kaseti zake zilisikilizwa kwa siri nyumbani kwa watu wenye heshima zao. Franco alipokufa, Oktoba 1989, serikali ya Mobutu huyo huyo ilitangaza siku nne za maombolezo ya taifa.

Halafu ikaja ndombolo, mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati ambapo Wenge Musica imegawanyika na nchi iko vitani. Wachungaji waliita "muziki ya dunia". Wazazi walisema ni uchafu. Lakini harusini, mama aliyesema ni uchafu ndiye aliyeingia katikati wa kwanza, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni. Mnamjua, kila familia ina wake.

Na mwisho wa hadithi ni huu: tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu wote, kwa ombi la Kongo zote mbili. Kitu kilichofungiwa, kilichotengwa, kilichozimwa mlango ukigongwa, leo ni urithi wa dunia. Waliotutia aibu walichelewa tu kuelewa.

Ningeishia hapo, hadithi ingekuwa tamu. Lakini kuna jambo la pili, na hili linatuhusu sisi, na nyinyi pia mnaofanya kazi ya misaada mkisoma hapa.

Mkimbizi ana haya nyingine ambayo Wendo hakuwa nayo. Anaogopa kwamba akionekana anafurahi, watasema hana shida. Hapa Rwanda, tangu Mei 2021, msaada wa PAM kambini unagawanywa kwa makundi: wenye uhitaji mkubwa, wenye uhitaji wa wastani, na wasiopewa. Najua hakuna fomu inayouliza kama unacheza. Lakini hofu haisomi fomu. Nimemsikia mzee mmoja akimwambia mjukuu wake: "Zima hiyo, wageni wanapita, watasema tuko bien." Mtoto akazima. Wageni wakapita. Wakaona watu wamekaa kimya, nadhani wakaandika kwamba tuna huzuni. Huzuni tunayo kweli. Lakini hawakuona kitu kilichotufikisha asubuhi.

Kwa hiyo nimejifunza kutofautisha aibu mbili.

Aibu ya kwanza ni ya macho ya watu: padri, mkubwa wa serikali, mgeni mwenye kalamu. Hiyo historia imeshaijibu. Ukipenda ndombolo, au filamu za agasobanuye, au zile nyimbo za mapenzi za zamani ambazo wenzako wanazicheka, huna deni la kumweleza mtu. Mtu mwenye njaa anaruhusiwa kucheka. Njaa yake haipungui, na haki yake haipungui.

Aibu ya pili ni ile ya yule mama mwenye ndoo. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa na matanga moyoni, ndugu yake hakuvuka. Hakuniambia kwamba kucheza ni kubaya. Aliniambia kwamba yeye yuko hapo, upande wa pili wa shitingi. Aibu hiyo siipingi. Hiyo ni heshima tu.

Nilikwenda kumuomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Ile ulikuwa unapiga ni ya nani?" Nikamwambia. Akasema hapana, hizo za sasa ni kelele, kama ninataka kujua muziki nimtafutie Franco. Nilimtafutia. Alisikiliza amekaa, macho yamefumba, mguu mmoja unagonga chini polepole. Hakucheza. Na kwetu hata matanga huwa na muziki, kwa hiyo sikushangaa.

Ukisimama Cyangugu karibu na daraja jioni, unaona taa za Bukavu, Nguba iko pale pale. Siku nyingine upepo unaleta muziki kutoka ng'ambo. Mimi huwa nasimama kidogo. Sijifichi tena.

Na wewe, unapenda nini ambacho unazima mtu akipita? Tuambie. Hapa hatuandiki fomu.